Cheti cha Dawa Kilichogeuzwa Kombe

Mpendwa Bi Chamsia, mwanangu Fakri sasa hivi tu amezinduka kwenye kifafa chake, akajifuta povu kwa kiganja, akaniuliza, "Mama, mbona unalia?" kisha akaomba muhogo, nami naomba unisaidie maana dawa imekwisha. Daktari wa Moroni alimwandikia vidonge vile vinavyofungiwa kabatini, tukawa tunavichukua duka la dawa la kule, sasa nyumba ambayo baba alinijengea hapa Mutsamudu imekwisha kujengwa, nikavuka bahari nikarudi, nikapeleka cheti dukani, muuzaji akakishika kwa ncha za vidole kama kichwa cha samaki, "Kina muhuri wa Moroni hiki, binti, kwani hapa ni jalala la Moroni?" Watu wakacheka. Mama akasema maandishi ya msomi hayatupwi, akakiosha sahanini kwa maji ya waridi kama kombe la aya, Fakri akanywa wino wote, karatasi imebaki nyeupe. Mume wangu Ibouroi anataka kunitumia vidonge kutoka Moroni bila cheti, ndani ya mfuko wa unga wa abiria, lakini bandarini wale wazungu wa kukodiwa wenye bunduki wanapekua, nami bado nina matumaini, labda nimpe vidonge vya jirani, naye ana kifafa, nilitaka kukuuliza kama, ngoja, mama ananiita, Fakri ame

*

Mama Fakri, pole. Aliyeleta barua nimemrudisha mbio na jibu hili, usingoje gazeti. Akianguka, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni.

Kombe ni la maneno ya Mungu. Mwandiko wa daktari haujamponya mtu, wenyewe hata hawausomi! Na mumeo, bingwa wa unga: wazungu wakitoboa mfuko atasema ni hamira? Atakayelala ndani ni abiria wa watu.

Muuza dawa sheria anayo. Cheti cha dawa ya kabatini kikishagongwa muhuri duka moja hakihamii jingine, watu wasichukue mara mbili wakauza. Lakini kukwambia tu, "Nenda hospitali wakuandikie kingine," mdomo ulimpotea wapi? Wa kuchekesha watu aliupata.

Vya jirani usiguse, dawa hii haikisiwi, wala haikatizwi ghafla. Leo hii mbebe Fakri hospitali yetu na chupa tupu yenye jina la dawa na kipimo, daktari wa hapa aandike cheti kipya. Kipya! Kisha rudi dukani. Yule bwana akianza tena mzaha, mlaze mtoto juu ya meza yake, ukae, usiondoke mpaka afungue kabati.