Beseni la Zebaki

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Huku kisiwani mimi napumua, na kwa umri wangu hilo si haba. Wifi yako hayupo. Amehamia bara kwa dada yake. Nitakueleza sababu mwenyewe, usije ukaisikia kwa wengine ikiwa imetiwa chumvi.

Kwanza ombi lako. Unataka mpwa wangu aje kunirithi mnara wa taa, maana ofisi ya bandari itaniachia nistaafu mara akipatikana mtu. Unasema kijana anakaa bure, na kazi hii ni ya ukoo tangu kwa Baba. Ni kweli. Lakini nivumilie.

Unaikumbuka ile lenzi kubwa kule juu. Ni nzito kama lori, ila ulipokuwa mtoto uliizungusha kwa kidole kimoja. Wepesi ule unatokana na kwamba lenzi inaelea juu ya beseni la zebaki. Zebaki hushika vumbi, kwa hiyo Baba aliichuja kwa kitambaa, akikamua kwa mikono mitupu, madirisha yamefungwa, na matone yaliyodondoka akatuachia tuchezee. Nami nimeichuja vivyo hivyo maisha yangu yote.

Mwaka huu mikono ilianza kutetemeka. Mwenye boti ya mahitaji akanitania kwamba nusu ya chai yangu nawanywesha samaki. Nikamporomoshea matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Baadaye nikamrushia wifi yako birika, eti kabamiza mlango. Hakulia. Alisema tu kwamba aliolewa na mimi, hakuolewa na Mzee Radi, akafunga mizigo.

Jina hilo lilinichoma. Ndilo watu wa bandarini walilompa Baba kwa ghadhabu zake, na hakuna aliyezionja zaidi yako. Alikufukuza humu ukiwa msichana, kisa umevunja kioo kimoja cha taa. Hukurudi hata kumzika, na sikukulaumu.

Nikaenda kwa daktari. Aliposikia habari za beseni, akanieleza kwamba mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, nao hula mishipa ya fahamu: huanza na mikono, ukaingia usingizini, ukaishia kwenye tabia. Mtu mpole hugeuka chui nyumbani kwake. Nikamsimulia Baba alivyokuwa. Akasema yule hakuwa mkali, alikuwa mgonjwa.

Kutoka hapo nikaenda ofisini. Mkuu wa bandari hakushtuka hata kidogo. Alisema jambo hilo wanalijua tangu enzi za Baba, na kwamba waliwahi kuagiza madirisha yawe wazi. Agizo hilo halikuwahi kuvuka maji.

Tulimchukia mtu bure, mdogo wangu, na waliostahili kuchukiwa tuliwapa shikamoo.

Basi usimlete mwanao. Mimi nitabaki mpaka walete mtambo mwingine, maana nikiizima taa meli zitapanda mwamba, na mabaharia hawajanikosea. Najua utanuna. Nuna tu. Na siku nitakayokuandikia kwa maneno matamu kwamba nimebadili mawazo, kijana aje, ichane barua hiyo. Haitakuwa imeandikwa na kaka yako.

Msalimie shemeji, na mpwa wangu umwambie mjomba anampenda.

Wako, ningali na akili zangu,
Kaka