Goli la upande wa mlima

Jumapili jioni, Novemba

Mechi nne, pointi moja, na bado lawama zote kwa kocha! Leo chai ilipoa kibandani kwangu wateja wakibishana. Baba Neema, fundi baiskeli, anataka kocha afukuzwe. Mzee Tluway anasema jezi mpya zina mkosi. Upuuzi.

Nikashindwa kunyamaza. "Samahani Mzee, magoli yote tumefungwa Daniel akiwa ameupa mlima mgongo."

Daniel ndiye golikipa wetu. Tope la mlimani liliposhuka hadi mtaa wa Jorodom, lilimchukua mama yake. Tangu hapo, mvua ikinyesha huko juu, anageuka kutazama nyuma, na mpira unapita.

"Basi apumzishwe," akasema Baba Neema.

Daniel alikuwa amesimama mlangoni. Alimwamkia Mzee shikamoo, halafu akasema, "Nipumzisheni tu. Lakini leo niligeuka kwa sababu kijito cha nyuma ya goli kimekauka."

Mvua haijakata mlimani tangu juzi. Maji yamezuiwa na nini huko juu?

Hakuna aliyetaja kocha tena. Mzee aliondoka bila kumaliza chai.

Nimepanga viatu vya watoto mlangoni, vikiangalia nje.