Nilimzungusha Baba kwa Treni ili Asifike Tamashani

Mpendwa mshauri, nakuandikia uso nimeuinamisha kana kwamba unaniona, maana jambo nililomfanyia baba yangu mzazi sijaweza kumsimulia mtu hata mmoja, na nikilala linalala nami, nikiamka linaamka kabla yangu.

Mimi ni kijana wa kiume, naishi mjini, na kwa muda mrefu nilikuwa napiga tumba katika bendi ambayo kila mwaka hupanda jukwaa kubwa wakati wa tamasha la muziki la mji wetu. Baba yangu ni fundi baiskeli, alikuwa hajawahi kuniona nikipiga, kila mwaka alisema mwakani, na mwaka huu akafunga kibanda chake, akashona shati jipya la kuvaa siku nitakayopanda jukwaani, akapanda basi akaja. Shida ni kwamba bendi ilishaniacha. Kiongozi wetu alikuwa akiniambia mara kwa mara kwamba nawakimbiza wenzangu, napiga kama mtu anayefukuzwa na mbwa, nami badala ya kusikiliza nikamjibu mbele ya watu kwamba masikio yake yamezeeka, akaniambia nichukue vitu vyangu niende, nikaenda. Nyumbani sikumwambia mtu, kwa sababu kule mimi ndiye fahari yao, majirani wakimuuliza mama habari zangu hujibu, "Mwanangu yuko kwenye muziki," utadhani nasomea udaktari.

Basi baba alipofika nikachukua ratiba ya treni nikaanza kupanga safari za kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kwanza mji wa ziwani, kisha kwenye maporomoko ya maji, kisha ule mji wa wafinyanzi, na mshauri, nilipanga kwa akili zote nilizopewa na Mungu, kwa maana kila mara nilichagua treni ya kurudi itakayotufikisha wakati watu wanatoka uwanjani. Baba alifurahi, alikaa dirishani akiniuliza majina ya stesheni, akamsifu mkaguzi wa tiketi kwa kofia yake, kule ziwani akavua viatu akatia miguu majini na kucheka peke yake. Lakini kila tulipopanda treni ya kurudi aliuliza, "Tutawahi? Maana nimekuja kukusikia," nami nikajibu, "Zamu yetu bado, baba, ni kesho," na kesho yake nikasema tena kesho.

Siku ya mwisho, tukitoka kwa wafinyanzi, treni iliingia mjini watu wa tamashani wameshajaa stesheni wakisubiri kupanda, na mlangoni mwa behewa nikakutana uso kwa uso na mpiga tarumbeta wetu, tunayemwita Mapafu. Akanishika bega, "Umepotea wewe. Tangu Kiongozi akuondoe hata salamu huleti. Tumemaliza sasa hivi, na huyo aliyeshika tumba zako si haba." Ndipo akamwona mzee nyuma yangu, akamwamkia, "Shikamoo." Baba akajibu, "Marahaba, mwanangu, poleni na kazi," akashuka taratibu akiwa ameshika chuma cha mlango.

Tulipofika chumbani kwangu alilitoa lile shati ambalo hakuwahi kulivaa, akalikunja upya, akalitia begini. Asubuhi nikamsindikiza stendi ya basi, akaniambia tu, "Rudi ukapumzike."

Mambo yangeishia hapo ningejua la kufanya. Lakini jioni ile mama alinipigia simu kwa furaha, eti baba yako anasema ulipiga mpaka watu wakasimama. Mshauri, huyu ni mtu anayemrudisha mteja akimwambia baiskeli yako haina ubovu wowote, nenda nayo. Nikampigia baba, nikamuuliza kwa nini, akasema, "Nilitaka mama yako alale vizuri," akakata simu. Sasa mjomba ametangaza kwamba nitapiga kwenye harusi ya dada yangu mwezi ujao, ukoo wote unaningoja. Nikisema ukweli namfanya baba aonekane mwongo mbele ya mkewe na mashemeji zake, nikinyamaza nitakula harusi ile kama mwizi. Naona haya hata kuuliza, lakini nifanye nini?

Mimi, mpiga tumba asiye na bendi

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, pole. Haya unayoiona ni ya haki, usiikimbie. Ungeikosa ningeogopa zaidi.

Kwanza tusiisingizie treni. Kumtoa mgeni nje ya mji asubuhi, jukwaa likiwa bado kimya, mkarudi alasiri, mkaoga na kwenda kusikiliza muziki, ni ukarimu mzuri sana. Wewe ulimbeba mzee wa watu stesheni hata stesheni kama kifurushi kisicho na anwani, naye akidhani anatembezwa. Hata bila kupiga, ungeweza kukaa naye uwanjani mkasikiliza wengine. Hilo halikukujia kwa sababu ulikuwa unauwaza uso wako tu.

Unaogopa kumfanya baba yako mwongo. Ulishamfanya. Uongo ule ni wako, yeye amekubebea tu, na mzigo wa mtu mzima hauachwi kichwani mwake kwa sababu amenyamaza. Nenda ukaupokee.

Usipige simu. Nenda nyumbani wiki hii, umkute kibandani kwake akiwa peke yake, umwombe radhi kwa zile siku ulizomnyima. Usianze na habari za Kiongozi. Kuachishwa bendi si kosa ulilomkosea baba. Kisha mwambie unakwenda kumweleza mama. Akisema yaishe, mwitikie kwa heshima, lakini usikubali. Kwa mama sema kwa kinywa chako: nilidanganya, baba akanifunika. Atakasirika, na huenda wote wawili wakakununia. Vumilia, ule chakula utakachopewa.

Mjomba naye aambiwe. Akikutaka hivyohivyo, piga, ila taratibu, bibi harusi asikimbizwe. Ukirudi mjini, kamwombe radhi Kiongozi kwa yale maneno ya masikio, wala usiombe nafasi. Huenda asikurudishe, na ana haki.

Ila anza na baba. Harusini watakuwepo watu wengi, na kila mmoja atataka kumuuliza baba yako jinsi mwanawe alivyopiga. Nenda kabla hawajamuuliza.