Kalenda Usiitafute

Baba Watoto,

Chakula kiko jikoni, ukipashe moto. Kitindamimba anywe dawa saa nane akishakula, hata akilia.

Asubuhi askari alipouliza kama tuliliona gari lililobeba vyerehani vilivyoibwa usiku kwa jirani yetu fundi, ulimjibu kwamba sote tulikuwa tumelala. Nilijua uliamka usiku, lakini nikaendelea kumimina chai, nisikuaibishe mbele ya mgeni. Baadaye nikafunua kalenda nitazame siku ya kliniki. Penye tarehe ya leo nikakuta namba ya gari, mwandiko wako.

Hata mimi naogopa. Lakini kalenda usiitafute, naipeleka kituoni. Wakiuliza nani aliandika, nitasema ~~ni mimi~~ mwenyewe yuko njiani anakuja.

Mtoto mwachie bibi yake. Usinifanye mwongo.

Mama Watoto