Nundu Yako Haikuwa Hii ya Masanja

Baba Kabula, mume wangu uliyelala kaburini Buswelu,

Mimi nasema, binti yetu anaandika. Nimemwambia asinipambie maneno.

Unaikumbuka nundu yako ya begani? Ukirudi kutoka soko la Mwaloni, ulikobeba magunia ya dagaa, niliikanda kwa maji ya moto, nayo ikiteleza chini ya kidole kama kipande cha mafuta. Ulikuwa unasema, "Taratibu, mwanamke, hicho ndicho cheo changu." Kweli, wenzako hawakumhesabu mtu kuwa mchukuzi mpaka aote ya kwake.

Basi mjukuu wako Masanja, aliyerithi kazi yako, naye akaota nundu. Wachukuzi wakamnunulia soda, wakasema babu amerudi. Mimi nikachemsha maji. Kitambaa kilipomgusa tu, akaruka. Huyu ambaye nikimwita mume wangu hujibu kwamba hawezi kulipia mahari kibogoyo, siku hiyo hakunijibu kitu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikamgusa tena, kidole kimoja. Haikuteleza. Wala haikuwa pale gunia linapokaa. Ilikuwa mbele, kwenye mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Ngumu kama kokwa.

Hospitali wakampiga picha. Daktari, binti mpole, akatuonyesha mfupa ulivyovimba, na katikati yake kivuli. Nikamuuliza kama ni saratani.

"Bibi, picha peke yake haiwezi kuapa," akasema. "Lazima tukate kinyama, tukipime."

Wenzako waliposikia wakaja nyumbani kumkataza. Eti kisu kikigusa uvimbe, unasambaa mwili mzima. Masanja akaanza kuwasikiliza. Nikawaambia wamalize chai waende zao, maana siku ya kumzika hakuna atakayemlilia kunishinda. Nikamshika mkono usiouma, nikampeleka mwenyewe.

Kusubiri majibu, Baba Kabula, ni kazi kuliko magunia yako. Masanja alikuwa anakaa mlangoni. Nikimtania anatabasamu kwa adabu, kama mgeni. Nikakukasirikia wewe. Nikasema huko uliko una watu wa kutosha, huyu niachie.

Siku ya majibu daktari akaanza kusoma karatasi kimyakimya. Nikamwambia asome kwa mdomo, mimi macho yangu hayajui herufi.

"Siyo saratani, bibi. Sehemu hiyo mfupa umeota nyuzinyuzi badala ya kuwa mgumu ndani. Hausambai. Tutakuwa tunamwangalia kwa picha."

Nikasimama, nikajifunga khanga tuondoke. Lakini alikuwa hajamaliza: mfupa huo ni dhaifu, gunia likikaa juu yake utavunjika. Asibebe tena.

Masanja akainamisha kichwa, machozi yakamtoka. Nilidhani ni furaha. Kumbe anaililia kazi yako, anaona amekuaibisha. Nikamwambia palepale, mbele ya daktari, "Babu yako hakubeba ili na wewe ubebe. Alibeba ili tule."

Tukatoka getini. Ndipo akaniuliza, "Sasa bibi, mume asiyebeba mzigo utampikia?"

Nikamjibu kwamba yule aliyebeba nimempikia maisha yangu yote, na hajawahi kuusifia ugali wangu hata siku moja.

Akacheka, Baba Kabula. Akacheka mpaka akalishika bega lake, na mimi nikaegemea ukuta wa nyumba ya watu nikalia.

Niliyokutukana nimeyafuta. Lala salama, na usitusubiri mapema. Huyu mume mdogo bado ninaye.

Ni mimi, mkeo,
Mama Kabula