Gauni Jeupe Kabatini

Mpendwa Mama Gaddis, amani ya Bwana iwe nawe na nyumba yako. Naomba msaada maana nimekwama, niko mwaka wa pili chuoni hapa Alabama, nasomea uuguzi, na umoja wa kina dada wa vyuoni ambao bibi yangu aliingia akiwa msichana, na mama baada yake, unapokea wapya muhula huu, wiki saba za mikutano jioni, na mimi mtihani wa kwanza wa kemia nimepata sitini na moja kwa mia, nikianguka tena uuguzi unaniponyoka, lakini Bibi amekwisha nishonea gauni jeupe la siku ya kupokelewa, limening'inia kabatini, na kila akipiga simu ananiambia, "Mjukuu wangu, nina miaka themanini na mbili, hiyo pini yangu ya umoja nataka nikubandike mwenyewe, sio niagize mtu," nami naitikia tu, "Ndiyo, Bibi," huku mwenzangu wa chumbani ananicheka, "Unaolewa na kemia ama na hao dada? Chagua, shoga, huwezi kuolewa kotekote." Je, niingie sasa au ningoje?

Mwenye Gauni

Binti yangu, namshukuru Mungu aliyekupa akili ya kuuliza kabla ya kutenda. Lakini hukuuliza mahali pake. Barua yako ilitaja jina la umoja, la chuo na la bibi yako, na yote nimeyafuta. Hukufundishwa kwamba anayeutaka umoja hautangazi kabla hajapokelewa? Mwanachama mmoja angaliyasoma hayo gazetini, ungalikuwa umejifungia mlango mwenyewe. Shukuru kwamba aliyeyasoma ni mimi, mwanachama mzee anayejua kunyamaza.

Mimi niliingia nikiwa na miaka arobaini na mmoja, shahada mkononi, watoto watatu nyumbani, na hakuna aliyeniuliza nilichelewa wapi. Umoja huu ni wa maisha yote. Mlango wa uuguzi ndio wenye tarehe. Tena kwa sitini na moja hatukupokei, maana alama ndizo tunazozitazama kwanza.

Ngoja, basi. Ila kosa lako si kemia, ni hiyo "Ndiyo, Bibi." Aliyekaa akakushonea gauni anastahili kuambiwa kweli. Mpigie leo umwambie: mwaka huu nasoma, mwakani nitaomba, panapo majaliwa.

Najua unachokiogopa. Miaka yake iko mikononi mwa Mungu, si mwako wala mwangu. Lakini Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao wanawake wote wa makanisa yetu tutavaa nyeupe ibadani, kama ilivyo desturi. Chukua gauni lako, nenda kwake mapema, umwombe akufunge vifungo vya mgongoni. Alitamani kukuvika kwa mkono wake, mwache akuvike. Pini na ibaki kifuani pake kwa sasa. Jumatatu asubuhi uwe mlangoni kwa mwalimu wa kemia kabla hajavua koti.

Bwana akufungulie ufahamu, amtunze bibi yako, akae katika nyumba yenu na ya kila asomaye hapa. Amina.

Mama Hortense Gaddis