Kanga Niliyoiazimisha Ukumbini

Jumamosi, Chatsworth

Na alivyopendeza leo ukumbini binti yangu, mheshimiwa wangu! Kina mama wananiuliza, "Huyo ndiye Rehema wako?" Ndiye. Bunge zima la jimbo hakuna anayezungumza kama yeye.

Alieleza atakayoyapigania: nyumba kwanza, halafu mvua hizi zilizobadilika, halafu misaada ifike mtaani. Ndipo akasimama mama mmoja ambaye nyumba yake ilichukuliwa na maji, analala humo humo ukumbini na wanawe.

"Mheshimiwa, wewe ulishalala chini hapa?"

Rehema akanitupia jicho. Alishaniomba nisiseme kitu, lakini eish, mdomo wangu huu.

"Alilala pale dirishani, mtoto hana hata meno ya mbele!" Rehema machozi yakamtoka.

Mafuriko ya wakati ule tulihifadhiwa ukumbini humo, tukatundika kanga kwenye kamba, kila kanga nyumba ya mtu. Rehema akizunguka, anapiga hodi kwenye kanga za watu, na wanamkaribisha kweli! Hatukuwa na kitu, na tulicheka mno. Natamani hata siku zile...

Kwenye gari akaninunia. "Mama, umeniliza mbele za watu."

"Afadhali. Wamejua ulikotoka."

Kanga yetu ya siku zile nilikuwa nayo bado, imepauka. Jioni nimempelekea yule mama atenge kona yake. Naogopa mvua nyingine itanyesha kabla hajapata nyumba. Nikampigia Rehema: "Kanga yetu nimemwazima tu yule mama, sijampa. Siku akipata mlango wa kufunga, wewe mwenyewe utaniletea kanga yangu."

Akasema, "Sawa, mama."